Siku ya Kupimwa Ulemavu, "Sijambo" Haisaidii

Mama mdogo alivaa buibui jipya siku hiyo. Alikuwa amefukizwa udi tangu alfajiri, akatiwa wanja na bintiye, kisha akashushwa ngazi za nyumba ya mawe pale Langoni, mtaa wa Lamu, huku ameshikwa na huku ameshikwa, mguu wa kulia ukiburura. Kiharusi kilikuwa kimempata miezi minane kabla. Mkono wake wa kulia ulibaki umekunjika kifuani kama wa mtu aliyebeba mtoto. Kujifunga leso hawezi, kukuna nazi hawezi, na usiku akitaka kwenda msalani lazima aamshe mtu. Tulikuwa tunampeleka kupimwa ulemavu katika hospitali moja ya serikali, apate kadi, na baada ya kadi, inshallah, pesa za Inua Jamii, ule mpango wa serikali wa kuwasaidia wasiojiweza.

Mezani walikaa watu watatu. Aliyeuliza maswali alikuwa daktari kijana, mpole.

"Hujambo, mama?"

"Sijambo, mwanangu. Nawe hujambo?"

"Mkono unaendeleaje?"

"Alhamdulillahi. Namshukuru Mungu."

"Kazi za nyumbani unajifanyia mwenyewe?"

Mama mdogo alimtazama bintiye, akainamisha macho. Mbele ya mwanamume asiyemjua, tena wa umri wa mwanawe, angeanzaje kusema kwamba huoshwa na kuvishwa? "Nafanya nafanya," akajibu.

Ripoti ilipotoka ilisema ana udhaifu wa upande wa kulia, kiwango cha wastani, na kwamba anajimudu. Neno hilo moja, "anajimudu", lilituzungusha karibu mwaka mzima.

Nimelifikiria sana tukio lile na sioni aliyekosa. Daktari aliuliza, mgonjwa akajibu kwa adabu aliyolelewa nayo. Kwetu Lamu, hata mtu aliyelala kitandani kwa homa ya siku tatu ataanza na "sijambo" kabla ya kueleza kinachomsumbua. Lakini fomu ya ulemavu haina nafasi ya salamu. Kila unachosema kinaingia kwenye karatasi, na karatasi ndiyo itakayosafiri hadi kwa watu watakaoamua, watu ambao hawatakuona kamwe.

Daktari anayepima ulemavu kwa niaba ya serikali si daktari wako. Hakukaa pale kukutibu, na pengine hutamwona tena. Mama mdogo alimwomba dawa ya goti, akaambiwa kwa upole aende kliniki siku nyingine. Kazi ya daktari huyo ni kujibu maswali ya fomu: ni sehemu gani ya mwili au ya akili yenye kasoro, imedumu kwa muda gani, inatarajiwa kupona au la, na inamzuia mtu kufanya nini. Uzito wote uko kwenye hilo swali la mwisho. Wengi hulikosa kwa kuwa wanadhani wanapimwa ugonjwa, basi huja na jina la ugonjwa wakiamini linatosha. Kuna mwenye kisukari anayeingia baharini kuvua kila siku ya Mungu, na kuna mwenye kisukari aliyekatwa mguu. Ugonjwa ni mmoja, fomu zao hazifanani hata kidogo.

Katiba ya Kenya ya 2010, katika ibara ya 260, inaueleza ulemavu kwa njia hiyo hiyo: hali yenye athari kubwa au ya muda mrefu katika uwezo wa mtu kufanya shughuli zake za kila siku. Sensa ya 2019 nayo iliuliza watu kama wanapata ugumu wa kuona, kusikia, kutembea, kukumbuka, kujihudumia au kuwasiliana. Waliohesabiwa kuwa na ulemavu walikuwa asilimia 2.2 ya wenye umri wa miaka mitano na zaidi. Mimi nikiuangalia mtaa wetu peke yake naona hesabu hiyo ni ndogo mno. Nadhani wengi walimjibu karani "sijambo".

Neno moja, milango mitatu

Kinachowachanganya watu ni kwamba neno "ulemavu" linatumika katika ofisi nyingi, na kila ofisi ina kipimo chake. Mtu hupata karatasi kutoka hospitalini, akaenda nayo ofisi ya pili, akaambiwa haitoshi, akaona anadhulumiwa. Wakati mwingine kweli anadhulumiwa. Mara nyingi amebisha mlango usio wake.

Mlango wa kwanza ni wa kadi. Hii hutolewa na Baraza la Kitaifa la Watu Wenye Ulemavu, chombo kilichoundwa na sheria ya 2003. Sheria hiyo sasa nafasi yake imechukuliwa na Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya 2025. Siku hizi maombi kwa sehemu kubwa hupitia eCitizen, tovuti ya huduma za serikali, lakini mwili hauwezi kupakiwa kwenye simu, kwa hiyo lazima uende hospitali ya serikali iliyoruhusiwa kupima, ukaangaliwe na jopo. Ripoti yao ndiyo Baraza linayoitegemea kukusajili. Hapa kinachoulizwa ni kama kasoro ipo, ni ya aina gani, na kama ni ya kudumu.

Kadi yenyewe haina pesa ndani yake. Inakuwezesha kuomba vitu vingine: vifaa kama viti vya magurudumu, nafasi zinazotengewa watu wenye ulemavu, na kwa mwenye mshahara, msamaha wa kodi ya mapato kwa shilingi 150,000 za kwanza kila mwezi. Na hata huo msamaha hauji wenyewe. Lazima uombe cheti cha KRA, mamlaka ya kodi, na cheti kina tarehe ya kwisha. Nimeona walimu waliokaa na kadi miaka kadhaa wakikatwa kodi kamili, wakidhani kadi inajulikana na kila kompyuta ya serikali.

Mlango wa pili ni Inua Jamii, shilingi 2,000 kwa mwezi. Mpango huu una mafungu yake: wazee wa miaka 70 na zaidi, mayatima na watoto walio katika hali ngumu, na watu wenye ulemavu mkali. Fungu hili la tatu lilikusudiwa mtu anayehitaji kuangaliwa na mtu mwingine wakati wote, tena katika nyumba isiyojiweza. Kwa hiyo hapa kasoro peke yake haitoshi. Wanataka kujua nani anakulisha, nani anakuogesha, na huyo anayekuangalia ameacha kazi gani ili akae nawe. Ukiandikiwa "anajimudu", mlango umefungwa kabla hujabisha. Daktari akiandika sawasawa, bado kuna watu wa ustawi wa jamii na wazee wa mtaa kuangalia hali ya nyumba, na bado kuna foleni, kwa maana wanaostahili ni wengi kuliko nafasi.

Mlango wa tatu hauhusiani na ile miwili kabisa, ingawa watu huuchanganya nayo kila siku. Huu ni wa aliyeumia kazini, chini ya sheria ya 2007 ya mafao ya majeraha kazini ambayo kila mtu anaiita WIBA. Pesa hapa zinatoka kwa mwajiri au bima yake. Serikali inasimama katikati kupitia mkurugenzi wa usalama na afya kazini, yule wa DOSH.

Chukua fundi seremala wa Matondoni, aliyeajiriwa na kontrakta kutengeneza milango ya nyumba ya wageni Shela. Kibanzi cha mbao kinaruka, jicho la kushoto linapofuka. La kulia ni zima kabisa. Akienda Inua Jamii hatapata kitu, kwa kuwa hahitaji wa kumshika mkono. Kwenye kipimo cha macho cha Shirika la Afya Duniani hahesabiwi kuwa kipofu, kwani kinachopimwa ni jicho lililo bora, na lake linaona. Lakini WIBA haiulizi kama bado anaona. Inauliza amepoteza nini, na jicho lililopotea kazini lina asilimia yake kwenye jedwali la sheria. Fundi huyu mmoja, kwa jicho hilo hilo moja, ataambiwa "hustahili" katika ofisi moja na "unadai" katika ofisi nyingine, na zote mbili zitakuwa zimesema kweli.

Asilimia

WIBA nitaikalia kidogo, kwa sababu ndiyo yenye pesa nyingi na ndiyo vijana wetu wa mjengo huipoteza kwa kutojua.

Ulemavu wa kudumu chini ya sheria hii huhesabiwa kwa msingi wa mshahara wa miezi 96, kisha unazidishwa kwa asilimia ya ulemavu, ndani ya kima cha chini na cha juu kilichowekwa. Mtu anayelipwa shilingi 20,000 kwa mwezi, miezi 96 yake ni shilingi 1,920,000. Daktari akiandika asilimia 10, fidia ni 192,000. Akiandika 25, ni 480,000. Baina ya tarakimu hizo mbili, zilizoandikwa kwa kalamu ya dakika moja, kuna shilingi 288,000. Ndiyo maana bima nayo hutaka daktari wake akuone.

Jedwali la sheria limetaja viungo na asilimia zake. Aliyepoteza mikono yote miwili, au macho yote mawili, ni 100. Kiungo kikikatika, daktari hana nafasi kubwa ya kubuni. Ubishi unakuja pale kiungo kipo lakini hakifanyi kazi: vidole havikunji, bega haliinuki, mgongo unauma mtu akibeba mfuko wa saruji. Hapo madaktari wawili waaminifu wanaweza kutofautiana, na anayekuwa na picha za eksirei, maelezo ya kliniki na barua ya mtaalamu wa mazoezi ya viungo huwa na la kuonyesha. Aliyekuja mikono mitupu huachwa na maneno yake.

Sheria inamruhusu mkurugenzi, au mwajiri kwa idhini ya mkurugenzi, kukuita upimwe na daktari waliyemchagua wao. Kwenda ni lazima. Ukikosa bila sababu faili litalala. Jambo ambalo sijamsikia kibarua yeyote akilitaja ni kwamba sheria hiyo hiyo inakuruhusu kuwa na daktari wako mwenyewe ndani ya chumba, kwa gharama yako. Ni kweli kwamba wengi wetu gharama hiyo hatuiwezi. Lakini kwa mtu ambaye tofauti yake inaweza kuwa laki mbili au tatu, ni hesabu ya kufikiriwa.

Muda nao una ujanja wake. Mwajiri anapaswa kuripoti ajali ndani ya siku saba tangu ajulishwe. Dai linapaswa kuwasilishwa ndani ya miezi 12 tangu siku ya ajali. Upande wa pili, daktari mwangalifu hataki kuandika asilimia ya kudumu wakati jeraha bado linapona, kwa sababu mkono uliovunjika leo si mkono wa miezi sita ijayo. Kwa hiyo ripoti ajali mapema, na usiharakishe kupimwa. Wapo waliobembelezwa kupimwa mapema ili "walipwe haraka", na wapo waliosubiri kupona hadi mwaka ukapita. Katika kipindi hicho cha katikati, aliyeshindwa kufanya kazi kabisa kwa muda ana haki ya kulipwa sawa na mshahara wake, kwa muda usiozidi miezi 12.

"Lakini mimi sina barua ya kazi." Nalisikia hili kila mara. Sheria ya Ajira ya 2007 inatambua mkataba wa mdomo. Ujumbe wa M-Pesa wa malipo ya kila Jumamosi, picha ukiwa kwenye jukwaa la mjengo, na mafundi wenzio waliokuona ukianguka ni ushahidi.

Magonjwa yanayokuja na kuondoka

Yupo mtu ambaye kipimo cha siku moja hakimwoni kabisa. Mwenye kifafa, siku ya jopo anaweza kuwa mzima kama mimi na wewe. Mwenye selimundu, ile sickle cell, anaweza kuja akitembea, na wiki moja baadaye akawa amelazwa akilia kwa maumivu ya mifupa. Mwenye maradhi ya akili anaweza kujibu maswali vizuri kuliko aliyemleta.

Hawa wanategemea kumbukumbu, na hapa kwetu kumbukumbu ndiyo iliyo haba. Kijana anapoanguka kwa mara ya kwanza, familia nyingi humpeleka kwanza kusomewa. Atanyweshwa kombe, yaani maji yaliyooshewa aya zilizoandikwa, atafungiwa hirizi, ataambiwa ni majini ya bahari. Sina nia ya kugombana na imani ya mtu. Nami nimeyanywa makombe nilipokuwa mdogo. Lakini kombe halina kadi ya kliniki. Baada ya miaka mitano ya kuanguka, kijana anafika mbele ya jopo na hana hata karatasi moja inayoonyesha lini alianza, anaanguka mara ngapi kwa mwezi, alipewa dawa gani. Jopo litaandika linachokiona, na linachokiona ni kijana aliyekaa vizuri kwenye kiti. Anayetaka kusomewa na asomewe, ila kadi ya kliniki ifunguliwe siku hiyo hiyo. Na nyumbani pawe na daftari. Tarehe, saa, alianguka wapi, aliungua au hakuungua, alilala muda gani baada ya hapo. Daftari la shule la kurasa 32, lililoandikwa na dada mtu kwa mwaka mzima, linaweza kumsaidia kuliko hotuba ya nusu saa.

Halafu kuna bahari. Mtu wa Kizingitini au Kiunga akitaka kupimwa mjini huhesabu boti, malazi, na wa kumsindikiza. Kusi ikivuma, safari yenyewe inaweza kumtoa mgonjwa roho. Pigeni simu kwanza muulize: jopo linakaa siku gani, mtaalamu wa macho au wa masikio yupo wiki hii au hayupo, karatasi gani zinahitajika. Nimewaona watu gatini wakirudi siku hiyo hiyo kwa kukosa nakala ya cheti cha kuzaliwa cha mtoto.

Kusema bila kutia chumvi

Jirani yetu mmoja, aliposikia habari ya mama mdogo, alitushauri turudi naye akiwa amelegezwa kabisa, amebebwa, asizungumze. Hilo nalo ni kosa. Wanaopima wameona wengi. Wanakutazama ukivuka mlango, ukivua viatu, ukipanda kitanda, ukitoa kitambulisho mfukoni. Mkono unaodai hauinuki mbele ya daktari kisha ukainuka kujifunga kilemba huharibu hata yale uliyosema kweli.

Kinachosaidia ni kueleza siku ya kawaida, na ile mbaya, kwa vitendo. "Mkono unauma" hakumwambii daktari kitu. "Nikishika sufuria yenye maji inaanguka, tangu Ramadhani sijapika" kunamwambia. "Natembea" ni jibu lenye mtego. Useme unatembea kutoka wapi mpaka wapi, unapumzika mara ngapi, na nani anakushika. Kama kuna jambo unalionea haya, mwambie mwenzio mapema akusemee, au mwombe mhudumu wa jinsia yako. Na aende nawe yule anayekuhudumia, si yule mwenye maneno mengi katika ukoo. Sisi siku ya kwanza tulimpeleka mjomba kwa sababu anajua Kiingereza. Mjomba hajawahi kumvisha mama mdogo hata kiatu.

Ripoti ikitoka, omba nakala na uisome hapo hapo, au usomewe. Jina, upande wa mwili, kiwango. Kulia kuandikwa kushoto hutokea. Ukikataliwa, ibara ya 47 ya Katiba inakupa haki ya kupewa sababu kwa maandishi, na sababu ikishakuwa kwenye karatasi unaweza kuijibu kwa ushahidi mpya badala ya kulalamika barazani. Kwa WIBA njia imechorwa wazi zaidi: una siku 60 za kupinga uamuzi wa mkurugenzi, naye ana siku 14 za kukujibu kwa maandishi, nawe una siku 30 baada ya jibu lake kwenda Mahakama ya Ajira na Uhusiano wa Kazi, ambayo kwa sisi wa Lamu iliyo karibu huketi Malindi. Usianzie mahakamani. Desemba 2019 Mahakama ya Juu iliikubali sheria hiyo pamoja na utaratibu wake wa kumpitia mkurugenzi kwanza.

Sisi tulirudi na mama mdogo baada ya miezi kumi na moja. Safari hii alikwenda na bintiye peke yake na mimi wa kubeba mkoba. Ndani ya mkoba mlikuwa na kadi za kliniki tangu siku ya kiharusi, na leso moja. Aliyeuliza maswali alikuwa daktari wa kike. Alipofika kwenye swali la kujihudumia, mama mdogo akaanza, "Nafanya naf—" na bintiye akamtolea ile leso. "Mama, hebu jifunge, daktari aone."

Alijaribu kwa mkono wa kushoto. Leso ikateleza. Akaibana na meno, ikateleza tena, na mara ya tatu daktari akainuka mwenyewe akamfunga, akarudi kuandika. Ripoti ya pili inasema anahitaji msaidizi kila siku. Jina lake sasa liko kwenye foleni ya Inua Jamii.

Tulipotoka nje alinyamaza mpaka tukafika karibu na gati. Ndipo akasema, bila kunitazama, "Leo mmenivua nguo." Bintiye hakujibu. Alimtengeneza buibui mabegani, tukaendelea kutembea polepole.